Sanduku la Sinema: Lizini ya Robocop iko wapi? Barua zenu juu ya Pittsburgh

Mu namba iliyopita niliacha mistari mitatu tu juu ya Pittsburgh, ule mji wa chuma wa Marekani, nikasema filme mingi zenye tunajua hapa Lubumbashi zilipigwa kule, basi. Barua zikaanza kuingia toka Kamalondo mpaka Likasi, zingine kwa simu, moja kwa mkono wa mtoto aliyetumwa na bibi yake. Kwa wenye hawajui: Pittsburgh iko mu jimbo la Pennsylvania, pale mito miwili, Allegheny na Monongahela, inakutana na kuzaa mto Ohio, na kwa miaka karibu mia moja chuma cha Marekani kilitoka mu yale mabonde vile shaba ilitoka mu yetu. Mu 1950 mji ulikuwa na watu karibu 676,000, mu 2020 walibaki karibu 303,000, juu viwanda vilifungwa kimoja nyuma ya kingine, zaidi mu miaka ya 1980. Hiyo habari mtu wa hapa haitaji kuelezewa mara mbili.

Nimechagua barua saba.

Yaya, yambo. Mimi na kaka yangu tunabishana tangu juzi. Yeye anasema ile lizini, kile kiwanda cha mwisho mu Robocop, kwenye jambazi anaingia na gari mu tanki ya sumu na nyama inaanza kumuyeyuka, ni Detroit ya kweli juu filme inasema Detroit. Mie nasema vyote banatengenezea Hollywood. Nani iko na haki? (Kijana wa Kamalondo)

Mudogo, hakuna mwenye haki kati yenu. Barabara na majumba marefu ya vioo ni Dallas, kule Texas, juu mu 1986 wakati wanaipiga walitafuta mji wenye unafanana na kesho. Na ile lizini ni ya Monessen, kimji cha chuma kando ya mto Monongahela, kusini ya Pittsburgh, kiwanda cha kweli chenye kilikuwa kinakufa miaka ileile. Zile ngazi za kutu, yale mabomba, lile giza lenye mwanga unapita mu mabati yaliyotoboka, hakuna fundi wa studio aliyepaka rangi. Detroit ilipata jina tu.

Na ukishaanza kuangalia hivyo hutaacha tena. Mu Le Silence des agneaux ya 1991, pale wanamfungia yule daktari mla watu mu kizimba katikati ya sale kubwa, filme inasema ni Memphis, kumbe ni Soldiers and Sailors Memorial Hall ya Pittsburgh, jumba walilojenga kwa heshima ya askari. Le Blues de Ma Rainey ya 2020, ile ya mwisho ya akteri Chadwick Boseman, inasema Chicago ya 1927, barabara ni za Pittsburgh. Na kinyume chake pia iko: Un jour sans fin ya 1993, yenye siku moja inajirudia, inasema tuko mu kimji cha Pennsylvania na wameipiga Woodstock, mu Illinois. Jina la mji kwa sinema ni nguo ya kuazima. Mie nimezoea kusoma jina mu filme, halafu natazama chuma na udongo, ndiyo naamini.

Mwandishi, mie niko étudiant pa UNILU, universite ya Lubumbashi. Juu ya nini watu wa Hollywood waache jua lao na studio zao waende mu mji wa baridi wenye viwanda vimekufa? (Mwanafunzi wa économie)

Swali lako njo lenye nilingojea. Sura ya mji kwanza: milima yenye nyumba zimening'inia, madaraja zaidi ya 440, majumba ya mawe ya wakati wa matajiri wa chuma, mitaa ya wafanyakazi yenye haijabadilika sana. Mu dakika kumi za gari unaweza kupata benki ya 1910, msitu, handaki na uwanja wa mpira, kwa hiyo kompanyi ya filme haipotezi siku mu njia.

Halafu makuta, ni kusema pesa. Serikali ya jimbo la Pennsylvania inasema hivi: ukitumia asilimia 60 ya gharama zako za kutengeneza filme humu mwetu, tutakupa punguzo la kodi la asilimia 25 ya kile ulichotumia hapa. Tuchukue dola milioni 10 umezitumia pale, kwa seremala, hoteli, magari, chakula, umeme. Unapata haki ya kodi ya milioni 2 na nusu. Lakini kompanyi ya filme ya California ina kodi gani ya kulipa Pennsylvania? Karibu sifuri. Basi sheria inawaruhusu kuuza ile haki kwa kompanyi ingine yenye inadaiwa kodi kule, wanapata makuta mkononi. Hapo njo filme inahama toka jimbo moja kwenda lingine. Na tangu 1990 kuna ofisi ya filme ya Pittsburgh, kazi yake ni kumpokea reyalizateri, mwenye kuongoza filme, kumtafutia nyumba, daraja, ruhusa ya kufunga barabara.

Lakini kodi peke yake haitoshi, na hapa nakuomba usome polepole juu ndiyo sehemu ninaipenda. Watu walikuwa tayari. George Romero, mtoto wa New York, alikuja kusomea Pittsburgh akabaki, alikuwa anatengeneza matangazo na vifilme vidogo vya televizio na wenzake, mpaka siku moja wakachangishana. Wakapata jumla ya dola karibu 114,000, wakaenda Evans City, kaskazini ya mji, wakapiga La Nuit des morts-vivants, filme ya wafu wanaotembea, kwa picha nyeusi na nyeupe. Damu ilikuwa sirop ya shokola, juu mu nyeusi na nyeupe hakuna mwenye ataona tofauti. Mwenye kushika filme yote ni Duane Jones, mtu mweusi, mu 1968, na hakuna mahali mu filme wanataja rangi yake. Ilitoka Pittsburgh tarehe 1 Oktoba 1968 na dunia nzima ikaijua. Na sasa sikia uchungu: walibadilisha jina la filme mwishoni, na mu kubadilisha ile karatasi ya jina, ile alama ya haki ya mwandishi ikadondoka, hawakuiandika tena. Sheria ya Marekani ya wakati ule ilitaka alama iwepo. Haikuwepo, filme ikawa ya kila mtu, kila mwenye sinema aliionyesha bila kuwalipa. Mistari miwili ya herufi ndogo! Vijana wenye mnapiga filme hapa, kabla ya kutuma kazi yenu popote, hakikisheni jina lenu na mwaka viko juu yake.

Miaka kumi nyuma yake, mu 1978, Romero huyohuyo akatoa Zombie, kaipiga mu jumba la maduka la Monroeville, kando ya Pittsburgh, usiku maduka yakishafunga mpaka asubuhi, wakati wa Noeli wakasimamisha kazi juu mapambo yalikuwa kila pahali. Watu wa mwanga, wa sauti, wa kupaka majeraha, walijifunzia kwenye filme kama hizo. Hollywood ilipofika na makuta, ilikuta mafundi.

Papa, mu Batman ya 2012 kuna theluji na uwanja wa mpira unazama. Theluji ya kweli? (Mtoto wa Katuba, miaka 11)

Hapana mwanangu, theluji ya uongo. Walipiga mu Agosti 2011, kule Agosti ni joto kali, na watu walivaa makoti manene wakatoka jasho mbele ya nguzo za Mellon Institute wakipigana ngumi. Uwanja ni wa timu ya Steelers ya Pittsburgh, ya ule mpira wa Marekani wenye wanakimbia nao mikononi na kugongana, wenyeji kwa maelfu walikuja kukaa mu viti wafanye kama mashabiki, na yule anayekimbia na mpira nyasi zikizama nyuma yake ni mchezaji wa kweli wa Steelers, Hines Ward. Shimo lenyewe ni kazi ya kompyuta.

Ndugu mwandishi, mu hizi filme zote za chuma naona wazungu tu. Watu weusi hawakufanya kazi mu ule mji? Niko nafundisha mu shule ya hapa Kampemba na wanafunzi waliniuliza. (Mwalimu)

Walifanya, mwalimu, na mingi sana, walitoka kusini mwa Marekani kufuata kazi ya viwanda vile wazee wetu walitoka Kasai na Zambia kuja huku. Waambie wanafunzi watafute jina la August Wilson. Alizaliwa Pittsburgh mu 1945, mu kartie inaitwa Hill District, akaandika tamthilia kumi, moja kwa kila miaka kumi ya karne ya 20, na tisa kati yake ziko mu ile Hill District. Ile moja yenye iko Chicago ni Ma Rainey, na njo ile niliwaambia juu kwamba walikuja kuipigia Pittsburgh. Nikifikiri hilo jambo roho inafurahi, ni kama maneno yenyewe yalikataa kuhama kwao.

Fences ya 2016, Denzel Washington aliongoza na kucheza, walienda kuipiga mu Hill District yenyewe. Hadithi ni ya Troy, mzoa takataka wa miaka ya 1950, anachukua pipa nyuma ya lori na anauliza kwa nini weusi wanabeba na wazungu wanaendesha. Sehemu kubwa ya filme ni kiwanja kidogo nyuma ya nyumba ya matofali, kuna mti, kuna mpira umefungwa na kamba kwenye tawi, ukuta wa jirani uko karibu mpaka ungesikia wakikohoa. Wilson alikufa 2005 hakuiona, lakini yeye njo aliandika yale maneno. Viola Davis alipata Oscar kwa kazi yake mule, na pale anapolia kamasi ikishuka haipangusi, mke wangu alisimama akatoka nje.

Na ya Mwafrika kabisa: Bennet Omalu, daktari wa Nigeria, alikuwa anapasua maiti Pittsburgh kutafuta sababu ya kifo, mu 2002 akaletewa Mike Webster, nyota wa zamani wa Steelers, akakuta ubongo wake umeharibika kwa miaka ya kugongwa kichwa. Wakubwa wa ligi ya ule mpira hawakumsikiliza kwa muda mrefu. Will Smith alimcheza mu Concussion ya 2015, na hiyo waliipigia kulekule Pittsburgh.

Minaandika toka Likasi. Banasema kuko filme ya vita ya hapa kwetu ya 1961. Minaitazama, minatafuta nyumba moja yenye minajua, hakuna. Juu ya nini? (Muzee wa Likasi)

Muzee, yambo sana, na pole. Ni The Siege of Jadotville ya 2016, juu ya askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa waliozingirwa mu mji wenu Septemba 1961, wakati jina lake lilikuwa bado Jadotville. Waliipiga Afrika Kusini. Sababu ni zilezile nilimwambia mwanafunzi wa UNILU: Afrika Kusini iko na mafundi, iko na vyombo, na serikali yao inarudishia kompanyi za filme sehemu ya matumizi. Bima pia, kompanyi inaogopa kuleta watu pahali penye bima inakuwa ghali.

Mie niliitazama mara mbili na kalamu mkononi. Nilitafuta kichuguu kimoja tu, vile vichuguu vyetu vya Katanga vyenye vinapita nyumba kwa urefu na mti unaota juu yake, sikukiona. Inauma kuona wakubwa wetu wanatajwa na udongo wenye wanasimama siyo wetu. Sasa njo nimeelewa vile mtu wa Detroit anasikia akiangalia Robocop, na mtu wa Clairton, juu ile Voyage au bout de l'enfer ya 1978 inasema wafanyakazi wake wanatoka Clairton, kando ya Pittsburgh, wakati lile kanisa la Waorthodoksi lenye makuba ni la Cleveland, sale ya ndoa ni ya Cleveland, barabara nyingi ni za Mingo Junction mu Ohio, na milima ya kuwinda iko mbali kabisa, jimbo la Washington. Lakini wao walihamia mji wa chuma mwingine, watu wa jamii moja. Sisi walituhamisha kabisa.

Ya kwetu iko ingine, Muzee. Baloji, yule mwanamuziki mzaliwa wa Lubumbashi, alipiga Augure humu mwetu Kongo, mu 2023 ikapokelewa Cannes na kupata zawadi. Mwambie mjukuu akutafutie.

Yaya, niko na simu ya kamera nzuri, niko Ruashi, nataka kupiga filme ya kwanza lakini sina akteri, sina makuta, sina hadithi. Nianze na nini? (Kijana wa Ruashi)

Anza na kazi ya watu. Mu 1904 kompanyi ya Biograph iliingia na kamera mu viwanda vya Westinghouse, vyenye vilitengeneza mashine za umeme kando ya Pittsburgh, wakapiga vifilme karibu ishirini, kila kimoja dakika chache, bila akteri na bila hadithi. Vimehifadhiwa mu maktaba ya taifa ya Marekani, Library of Congress, unaweza kuvitazama bure kwa intaneti. Mu kimoja wanawake wanaingia kazini mu mstari, kila mmoja anachukua jetoni yake ya saa, sketi ndefu, nywele zimefungwa juu, mmoja nyuma ya mwingine, haraka, basi ni hivyo tu. Mu kingine wanafunga nyaya za shaba juu ya mashine. Mu kingine kamera imefungwa juu ya kreni, inapita juu ya vichwa vya wafanyakazi toka mwanzo wa jumba mpaka mwisho na wewe unaona ukubwa wa lile jumba kama ndege. Shaba ile! Nikiziona zile nyaya nawaza kazi ya wazee wetu, hata kama mwaka ule lizini yetu ilikuwa haijajengwa.

Mwaka uliofuata, tarehe 19 Juni 1905, Harry Davis na John Harris walifungua mu barabara ya Smithfield, Pittsburgh, chumba cha kuonyesha filme kutwa nzima kwa senti 5, wakakiita Nickelodeon, na wafanyakazi wakajaa. Kwa hiyo mudogo, mu mji ule walipiga kazi kwanza, sinema ya kila siku ikafuata. Tafuta mtu mmoja mwenye anafanya kitu kwa mikono yake na umuombe ruhusa. Soma pia barua ya chini, iko na kitu kwa ajili yako.

Mwandishi, mimi ni mama wa commune ya Kenya, hapa Lubumbashi, marehemu papa wa watoto alifanya miaka 27 mu fonderi, kule wanayeyusha madini. Wajukuu walinionyesha mu simu filme ya wale wanaume mu moto, ile ya wawindaji. Moto ule ni wa kweli? Na lizini zao ziko bado ao walizibomoa? Kofia yake ya kazi iko tu kwenye msumari. (Mama wa Kenya)

Mama, shikamoo. Moto ule ni wa kweli. Mwanzo wa Voyage au bout de l'enfer waliupiga mu tanuru za kweli za Cleveland, na akteri walisimama pale na zile nguo za kung'aa zenye zinarudisha joto. Baba yangu naye alikuwa mtu wa fonderi. Mu miaka ya 90 tulikuwa na kasete ya ile filme, tulitazama kwa jirani mwenye alikuwa na groupe ya umeme, na pale king'ora kinalia na chuma kinaanza kumwagika, baba alisogeza kiti nyuma. Kiti kilikuwa mita tatu toka kwa televizio, televizio ya inchi 14. Alisogea juu mwili wake ulijua lile joto. Halafu akasema, «huyu wa kushoto anasimama vibaya». Filme ingine yote, vita na Vietnam, hakusema neno, na mie tangu siku ile sijatazama filme ya lizini bila kuangalia miguu ya watu wamesimama wapi.

Lizini zao: zingine ziko, zingine hapana. Ile ya Edgar Thomson kule Braddock iliwashwa 1875 na inafanya kazi mpaka leo, moshi wake uko mu filme mingi. Ile kubwa ya Homestead ilifungwa 1986, wakabomoa, wakajenga maduka na sinema, waliacha mabomba 12 ya moshi ya matofali yamesimama mu mstari kando ya magari ya wateja. Ng'ambo ya mto kuna Carrie Furnaces, tanuru mbili za 1907 zenye zilizima 1978, zilikaa na kutu na miti ikiota ndani mpaka watu wa pale wakapigana zisiuzwe kama chuma chakavu. Tangu 2006 serikali ya Marekani inazitambua kama mahali pa historia ya taifa, watu wanalipa kuzitembelea, na watu wa Les Brasiers de la colère, ile filme ya 2013 na akteri Christian Bale, waliingia mule na kamera. Wenye waliwahi kufanya kazi pale wamekuwa wakiongoza wageni, wanawaonyesha: hapa tulisimama, hapa moto ulipita.

Sheminé yetu sisi, lile bomba la moshi la lizini, iko bado, na kile kilima cheusi kando yake, unaviona toka kwako Kenya asubuhi. Ile kofia, Mama, usiitoe kwenye msumari na usimpe mtoto achezee. Yule kijana wa Ruashi mwenye barua yake iko juu, ana kamera na hana cha kupiga. Ukikubali nitamtuma kwako Jumamosi, nitakuja naye mwenyewe, utuonyeshe vile papa alikuwa anaivaa na vile alikuwa anaitundika akirudi.